Kiganja cha Dakika Sita

Mlango wa Chumba cha Kipimo haukujua cheo cha mtu. Ukishajifunga saa tatu asubuhi, haukufunguka kwa waziri wala kwa mfagizi mpaka kazi ya ndani iishe na karatasi zote zitiwe sahihi. Dkt. Leokadia Mihayo ndiye aliyependekeza uwe hivyo, miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya ule mwaka wa tiba feki ambapo watu walitundikiwa maji ya chumvi wakiambiwa ni seli. Siku ile alipigiwa makofi. Asubuhi hii ya tarehe nne Septemba aliusikia mlango ukijifunga nyuma yake, akavaa glavu.

Shahidi wa siku hiyo alikuwa ameshaketi kabla hajaonyeshwa kiti. Aliitwa Kondo Mlanzi, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Morogoro ujanani, mwenye miaka sitini na mmoja, mstaafu wa ukaguzi wa mizani. Sheria ilimruhusu kila mgonjwa alete mtu wake wa kushuhudia kipimo, na yeye alikuja kwa niaba ya bintiye Mwajabu, fundi wa pampu katika mashamba ya mpunga ya Dakawa. Mwajabu alikuwa amelala hospitalini, kilomita nne kutoka hapo, ndani ya hema la plastiki. Alikuwa na saratani ya damu. Askari wa mwili wake walikuwa wametolewa na kufundwa upya kiwandani ili wamtambue adui, na wale waliobaki mwilini wakafutwa kwa dawa ili wawapishe wenzao wanaorudi. Kwa hiyo siku hizo hata mafua yangeweza kumuua.

Mzee aliposikia jina la Mihayo aliuliza kama ni la Tabora. Alipojibiwa kuwa ndilo, akasema afadhali, maana Mnyamwezi akipewa mzigo hautui njiani. Leokadia akamjibu kwamba mzigo ungekuwa mwepesi zaidi kama Mzaramo asingepanda juu yake. Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi cha watani wenye mgonjwa.

Kipimo chenyewe si kigumu kueleza, ingawa waliokibuni walitumia kurasa mia nne. Unachukua sahani ya vishimo vidogo, unatia seli za saratani katika kila kishimo. Upande wa kushoto unazipambanisha na askari wa mgonjwa, upande wa kulia unazipambanisha na askari wa Rejea. Rejea walitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea zamani. Walizalishwa kwa wingi, wakagandishwa katika vichupa elfu tisini, wakagawanywa kwa maabara saba za nchi saba ili kila mtu apime kwa jiwe moja. Adui akifa hutoa mwanga wa kijani. Mwanga wa mgonjwa ukiugawanya kwa mwanga wa Rejea, jibu unaloliona ndilo ukali wa tiba.

Likiwa sifuri nukta saba au zaidi, tiba hupita kwenye kidirisha na kwenda hospitali. Likiwa chini ya hapo, huchomwa humo humo chumbani, shahidi akitazama, maana askari dhaifu ni wabaya kuliko kukosa askari: hujaza nafasi na kumwacha adui ajifunze mbinu zao. Ile sifuri nukta saba haikuokotwa barabarani. Ilitoka kwa wagonjwa mia tatu wa mwanzo. Waliokuwa juu yake wengi wao walipona, waliokuwa chini yake wengi wao walizikwa.

Tangu mwezi wa tano kazi ya mikono ilikuwa imechukuliwa na mashine. Iliyeyusha vichupa, ikahesabu seli, ikajaza vishimo, kwa vidole vyeupe sita visivyotetemeka. Wafanyakazi waliibatiza jina la Bwana Harusi kwa jinsi ilivyong'aa na kutosema na mtu. Nchi zote saba zilikuwa na Bwana Harusi wao, na walifanana hata kwa namna ya kupunga mkono wanapomaliza.

Na tangu mwezi huo wa tano tiba zilizoanguka ziliongezeka. Zamani ilikuwa moja katika thelathini. Sasa ilikuwa moja katika kumi na tano. Leokadia alikuwa ameandika ripoti tatu, ya kwanza ikiwalaumu wanaotoa damu hospitalini, ya pili magari ya kubebea, ya tatu kiwanda. Mitaani hawakungoja ripoti. Walishapata jina lao: mtu ambaye tiba yake imechomwa alisemwa ana damu baridi, na jina hilo lilikaa kwa ukoo wake mzima.

Bwana Harusi alichukua kichupa cha Rejea, akakichovya katika beseni la maji moto, akakitoa baada ya dakika moja na nusu. Akachukua askari wa Mwajabu, ambao hawakuwa wamegandishwa kwa kuwa walitoka kiwandani alfajiri hiyo. Akajaza sahani. Kondo alimfuata kwa macho kama mtu anayemtazama muuza nyama.

*

Saa tano kasorobo namba ilitokea kwenye kioo. Sifuri nukta tano nane.

Tanuri la ukutani lilikuwa limeunganishwa na matokeo ili mpimaji asipate nafasi ya kuona huruma, na hapo hapo likaanza kujipasha moto. Lilivuma taratibu. Leokadia alisema maneno ambayo sheria ilimtaka aseme: kwamba tiba haikufikia kiwango, kwamba shahidi ana haki ya kudai kipimo cha pili, na kwamba seli zilizobaki zinatosha kurudia mara moja tu.

Kondo hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akadai kipimo cha pili. Kisha akasema kwamba jana alikaa kwenye benchi la nje na mama mmoja wa Mikese, Bi Saumu, ambaye tiba ya mumewe ilichomwa Jumanne iliyopita. Mume alikufa Ijumaa. Wakwe zake walikuwa wanasema amemlisha mtoto wao vyakula vya kupoza damu, na walikuwa wamemfungia chumba chake cha ndoa. Alikuja kuomba karatasi yoyote ya serikali inayosema si kosa lake.

"Hatuna karatasi ya namna hiyo," Leokadia alisema.

Mzee akatikisa kichwa, kwa namna ya kukubali na si ya kulaumu. Kwa kuwa Bwana Harusi alihitaji robo saa kujisafisha, akaanza kusimulia, maana kukaa kimya mbele ya lile tanuri kulikuwa kunamshinda.

Alisema akiwa kijana kazini alipelekwa Kilosa, kwenye kituo cha kununulia pamba. Msimu ule pamba ya kila mkulima ilikuwa imepungua uzito ghafla. Wanunuzi walisema wakulima walizoea kutia maji na mchanga, na sasa wameogopa. Wakulima walisema mnunuzi ni mwizi. Watu walikaribia kukatana mapanga. Yeye akapima kila kitu na hakumkuta mwizi hata mmoja. Alichokuta ni kwamba serikali ilikuwa imeleta mawe mapya ya mizani. Yale ya zamani yalikuwa yamelika kwa kuburutwa sakafuni miaka ishirini, na bei yote ya pamba, mikopo, karo, kila kitu, ilikuwa imepangwa kwa yale yaliyolika.

"Jiwe jipya lilikuwa la haki tupu, daktari. Haki yake ndiyo iliyowaumiza watu." Akamwelekezea kidevu Bwana Harusi, aliyekuwa anajiosha vidole. "Hebu nikuulize. Kabla ya huyu, jiwe lenu alikuwa analishika nani?"

Leokadia aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya meza, ndani ya glavu ya bluu.

Wanasema mavi ya kale hayanuki. Waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi ya maabara.

*

Ilikuwa katika jengo hili hili, siku ya jaribio kuu. Wajumbe wa nchi nyingine sita walikuwa wamesimama nyuma yake na makoti yao meupe, wamekuja kuona namna ya kupima ili wakafundishe kwao. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na beseni la maji moto likaungua. Leokadia alikuwa na miaka arobaini na sita na cheo kipya. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kawaida, ile ya mwenyeji aliyealika watu halafu jiko likamzimikia.

Basi akakitoa kichupa kwenye barafu, akakifumbata kiganjani, akasema kwa sauti tulivu kwamba hivi ndivyo sisi tunavyofanya. Kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa imezimika pia, alihesabu kwa kusali kimoyomoyo makumi mawili ya rozari, ambayo kwa mwendo wake yalikuwa dakika sita. Wajumbe wakatazama. Wakachukua vichupa vyao wakafumbata. Mganda alihesabu kwa saa yake ya mkononi, Mkomoro akatoa tasbihi mfukoni. Kila mtu alimaliza karibu wakati mmoja, na matokeo ya mikono saba yalilingana vizuri kuliko alivyowahi kuota. Makofi yakapigwa.

Sasa, kuyeyusha seli kwa kiganja ni kuzichelewesha. Kiganja kina baridi kuliko beseni, na barafu inayoyeyuka polepole huwakata askari wengi; wanaoamka huamka wamechoka. Leokadia alijua hivyo. Alijua pia kwamba maadamu wote wamechoka sawasawa, jiwe ni moja, na kipimo kinafaa. Wagonjwa mia tatu wa mwanzo walipimwa kwa Rejea huyo aliyechoka. Sifuri nukta saba ilizaliwa kwake.

Lakini ulipofika wakati wa kuandika kitabu, aliwaza jinsi wakaguzi wa ng'ambo watakavyocheka kusoma neno kiganja. Akaandika: beseni la maji, nyuzi thelathini na saba. Alijiambia ni jambo dogo. Na kweli lilikuwa dogo kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu hakuna aliyekisoma kitabu. Kazi ile ilifundishwa mkono kwa mkono, kutoka kwake kwenda kwa wajumbe, kutoka kwa wajumbe kwenda kwa vijana wao, na kitabu kilikaa kabatini kikipokea vumbi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na makata yote yalikuwa yanajua bila kujua kwamba ni siri.

Mwezi wa tano alikuja Bwana Harusi, ambaye hakufundishika kwa mkono. Akawa wa kwanza kukisoma kitabu na kukitii.

*

Alimweleza Kondo yote hayo akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayetapika. Hakujua kwa nini anamweleza. Labda kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na hapakuwa na mtu mwingine duniani. Alimwambia kwamba kwa miezi minne Rejea wamekuwa wakiamka wazima na wenye nguvu, na kila mgonjwa aliyelinganishwa nao alionekana dhaifu. Alimwambia idadi. Ukiondoa wale ambao wangeanguka kwa haki, katika nchi saba, zilikuwa tiba arobaini na moja.

"Zimechomwa," mzee alisema.

"Zimechomwa."

"Na wenyewe?"

Mtu aliyefutwa askari wake akakosa wa kurudi huishi wiki tatu akibahatika, na mzee alikuwa ameshaambiwa hivyo alipotia sahihi kwa niaba ya bintiye.

Zilikuwa zimebaki dakika tano kabla ya kipimo cha pili kuanza. Leokadia aliiweka mashine katika hali ya mkono, jambo ambalo mpimaji aliruhusiwa kulifanya akitoa sababu, na kwenye sababu akaandika: kuhakiki. Akatoa vichupa viwili vya Rejea, vyote vya kulinganishwa na askari wa Mwajabu kwenye sahani moja. Kimoja akampa Bwana Harusi, lakini akampangia upya: nyuzi thelathini na tatu, dakika sita. Cha pili alivua glavu, akakifumbata.

Baridi yake ilimuuma mpaka kwenye kiwiko. Alianza kusali kama zamani na akajikuta hawezi. Kila Salamu Maria ilitaka kugeuka jina la mtu, na majina hakuyajua, alikuwa anajua namba za tiba tu. Kondo aliona midomo yake imesimama. Akatoa tasbihi mfukoni, akaanza kuvuta, na kila alipofika thelathini na tatu alimwambia dakika zimekuwa ngapi kwa saa ya ukutani. Walifika sita hivyo, wakisaidiana.

Kisha ilikuwa kungoja. Tanuri lilivuma. Hakuna aliyetania. Leokadia aliwaza kwamba namba ikikataa kupanda, atakuwa amejivua nguo bure mbele ya mtu ambaye bintiye atachomewa tiba mbele ya macho yake. Akaona aibu kwamba hata wakati huo alikuwa anajiwazia yeye.

Saa saba kamili namba zilitokea mbili. Kwa kiganja, sifuri nukta saba tisa. Kwa mashine iliyopangwa upya, sifuri nukta saba nane.

Tanuri likazima.

Kondo alitia sahihi kabla Leokadia hajamaliza kumsomea matokeo. Kalamu ilikwaruza karatasi ikaichana kidogo. Kidirisha kikafunguka, kikasha cha bluu kikapanda kwenye reli yake na kuondoka, na mzee akakiwekea kiganja kwenye kioo mpaka kilipopotea kwenye kona. Halafu akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti, akalia bila kuficha uso. Leokadia alimwacha alie. Yeye mwenyewe macho yalikuwa makavu na yanauma.

*

Taa ya mlango ilikuwa bado nyekundu. Kilichobaki kilikuwa Fomu ya Shahidi, ukurasa mmoja wa karatasi ambao shahidi huandika kwa mkono wake jambo lolote aliloliona, kisha huutumbukiza katika sanduku la chuma lililojengwa ukutani. Wengi waliandika: sina la kusema. Fomu ikishaanguka ndani ya sanduku, mlango hufunguka.

Leokadia alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Akiwa mtunza kiwango, aliweza kubadili mpangilio wa Bwana Harusi wote saba kwa mara moja, chini ya kichwa kinachosema marekebisho ya kawaida ya mashine. Aliandika nyuzi thelathini na tatu, dakika sita, akatuma. Majibu yakarudi moja baada ya moja, Kampala, Kigali, Moroni na kwingineko, yote yakisema imepokelewa, asante. Kuanzia saa saba na robo mchana huo hakuna tiba ambayo ingechomwa kwa makosa. Kazi ya miezi minne ilikuwa imerekebishwa kwa mistari miwili, na kwa uongo mmoja zaidi.

Akamgeukia mzee aliyekuwa ameshakaa kitini na fomu mapajani. Akamwomba aandike kwamba hana la kusema.

Hakumficha kitu. Alimwambia sheria ni kali: kiwango kikitiliwa shaka hadharani, upimaji wote husimama nchi zote saba mpaka jaribio jipya lifanywe, na jaribio jipya ni miezi tisa kwa uchache. Alimwambia pia kwamba yeye ndiye aliyeiandika sheria hiyo. Wakati huu wanapoongea kulikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili wamelala kwenye mahema kama la Mwajabu, askari wao wameshafutwa, wanangoja zamu ya kupimiwa. Wa mwisho zamu yake ilikuwa baada ya siku ishirini. Ukisema ukweli leo, mia mbili na kumi na wawili hao hawana miezi tisa. Ukinyamaza, mashine imeshapangwa vizuri, na watapimwa kwa haki.

"Kwa hiyo uongo unawaponya," Kondo alisema.

"Ndiyo."

"Na wale arobaini na moja?"

Leokadia alisema kwamba hao hawaponi kwa lolote. Alilisema kwa sauti ndogo, na hata yeye alisikia jinsi lilivyokuwa sahihi na jinsi lilivyokuwa baya.

Mzee aliigeuza kalamu vidoleni. Alisema yeye amepiga muhuri mizani kwa miaka thelathini na mitatu, na hakuwahi kupiga muhuri kwenye jiwe alilojua ni bovu, mpaka leo. Leo amepiga, na angepiga tena, kwa sababu ni baba. Hakutaka daktari adhani anajifanya mtakatifu. Lakini Bi Saumu alikuwa nje kwenye benchi. Amekuja tena leo, amefunga kanga mbili na hana mahali pa kulala, na ukoo mzima unasema damu ya marehemu ilipozwa jikoni kwake.

"Nikitoka hapa atanitazama," alisema. "Nimwambie nini? Kwamba wangu amepita?"

Leokadia alifikiri kumwahidi kwamba yeye mwenyewe atasema, baada ya siku ishirini, mtu wa mwisho akishapona. Alikuwa na hakika angeahidi kwa moyo wote. Alikuwa na hakika pia kwamba siku ya ishirini na moja kungekuwa na wagonjwa wengine mia mbili kwenye mahema, na siku ya arobaini na moja wengine, na kila siku ukweli ungekuwa na mtu wa kumuua. Ahadi ile isingefika kamwe. Alijifahamu, alishawahi kuandika jambo dogo.

Kondo naye alikuwa anapiga hesabu zake. Akauliza swali moja, kwa upole, macho yakiwa kwenye lile sanduku la chuma.

"Hii fomu nikiiandika sasa hivi, inasomwa lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa na maneno mawili tu: leo jioni. Angeyasema, mzee asingethubutu kuandika, kwa ajili ya wale mia mbili na kumi na wawili. Angeandika kwamba hana la kusema, taa ingegeuka kijani, na Leokadia Mihayo angekwenda nyumbani akiwa bado mama wa kipimo. Hakuna ambaye angemlaumu. Mzee mwenyewe angemshukuru. Ulikuwa uongo mwepesi kuliko ule wa kwanza, na huu ungeonekana kama huruma.

Aliutazama mkono wake wa kulia. Bado ulikuwa mwekundu kwa baridi ya kichupa.

"Sanduku linafunguliwa na jopo la majaji kila robo mwaka," alisema. "Tarehe thelathini mwezi huu. Kabla ya hapo hakuna mwenye ufunguo, hata mimi."

Kondo alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Siku ishirini na sita."

"Wa mwisho anapimwa siku ya ishirini. Wagonjwa wapya wa siku sita zilizobaki wasianze dawa ya kufuta askari. Hilo naweza kulipanga, nitasema tunasafisha mashine. Siku ya sanduku kusiwe na mtu kwenye hema."

Mzee aliuliza kama anajua kwamba arobaini na moja ni kesi arobaini na moja. Alijua. Akauliza kama ana watoto. Alisema anao wawili, wakubwa, na kwamba wataelewa au hawataelewa. Alipoyasema hayo ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta kwa kuwa mtu wa maabara hagusi uso akiwa kazini, na mazoea ni mazoea.

Kondo aliweka fomu juu ya meza akaanza kuandika. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye magunia, akitamka kila neno kwa sauti ya chini ili daktari asikie na asije akasema amesingiziwa. Kwamba tarehe nne Septemba, mbele yake, jiwe la kupimia lilikutwa limebadilika. Kwamba waliochomewa tangu mwezi wa tano hawakuwa na damu baridi, wala wake zao hawakuwapoza, wala mama zao. Kwamba waliohusika waelezwe hivyo nyumba kwa nyumba, kwa karatasi yenye muhuri. Kwamba kipimo cha kweli ni kichupa kilichofumbatwa kiganjani kwa muda wa dakika tano.

Leokadia aliinama akaisoma ile karatasi toka juu mpaka chini, kama alivyozoea kusoma kazi za wanafunzi wake. Akaweka kidole chini ya neno la mwisho.

"Sita," alisema. "Siyo tano. Andika dakika sita, Bwana Kondo, la sivyo watakosea tena."

Mzee akakata neno, akaandika juu yake, akatia saini ndogo pembeni kuonyesha kwamba masahihisho ni yake. Akaikunja fomu mara mbili na kuitumbukiza. Ilitoa mlio mdogo ilipofika chini, na taa ya mlango ikageuka kijani.

Nje kwenye benchi Bi Saumu alikuwa amesinzia na kanga yake begani. Leokadia alitoka wa kwanza, akaenda kuketi karibu naye.